Barua ya wazi: Mafuta ya Burundi yanakwama benki kabla ya kukwama barabarani

Kwa Waziri mwenye dhamana ya nishati,
Gavana wa Benki ya Jamhuri ya Burundi (BRB),
Uongozi wa SOPEBU, kampuni ya mafuta ya Burundi.

Waheshimiwa,

Tunawaandikia sisi tunaofanya kazi ya kuagiza, kusafirisha, kupokea na kupima mafuta yanayoingia Burundi. Foleni hatuna haja ya kuwasimulia, mnaziona mkipita. Kinachotusukuma kuandika ni kwamba tangu uhaba ushike kasi mwaka 2022, karibu kila hatua iliyotangazwa imeelekezwa kwenye pampu: nani apewe, lita ngapi, siku gani, kituo kipi, gari lenye namba ipi. Ukizigawa upya lita zilizopo hupati lita mpya. Lita inayokosekana leo Bujumbura ilikosekana wiki sita au nane zilizopita, kwenye dawati la benki.

Tuanze na yale ambayo siyo chanzo. Tunaambiwa nchi haina bahari, bandari iko mbali, barabara ni ndefu. Ni kweli, kutoka Dar es Salaam mpaka Bujumbura ni zaidi ya kilomita 1,500. Lakini lori la Kigali na lori la Bujumbura hupakia kwenye maghala yale yale, hupita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Kahama, na huachana wilayani Ngara tu: moja linakwenda Rusumo, jingine linakwenda Kabanga kuvukia Kobero. Kigali haikupata foleni za miezi. Malawi, kwa upande mwingine, ina njia tatu za bandari, yaani Dar es Salaam, Beira na Nacala, na bado vituo vyake vimekauka mara kwa mara katika miaka hii hii. Kinachofanana kati ya Malawi na Burundi ni ukosefu wa dola. Kukosa bahari kunapandisha nauli ya mzigo. Pampu haikauki kwa sababu hiyo peke yake.

Wala si magendo. Magendo yapo, tutayafikia, lakini yamezaliwa na uhaba, hayakuuzaa.

Sasa tuangalie lita inavyonunuliwa. Mafuta yanayopitia Tanzania huagizwa kwa zabuni za pamoja chini ya Wakala wa Uagizaji Mafuta kwa Pamoja (PBPA). Kila mwagizaji anataja mapema kiasi anachotaka, wakala anajumlisha oda zote na kutangaza zabuni, na anayeshinda ni yule mwenye nyongeza ndogo zaidi juu ya bei ya soko la dunia. Meli inakuja, inashusha kwenye gati la Kurasini au kwenye boya la Mjimwema, na mafuta yanaingia matangini. Kutoka oda mpaka hapo, hesabu karibu miezi miwili. Kisha linakuja jambo ambalo wengi nje ya biashara hii hawalijui: mafuta yakiwa tangini bila malipo kuthibitishwa, yanafungiwa kifedha. Yapo, yanapimika, yana jina la mwenyewe, ila hayapakiwi. Tumeona malori matupu yakiwa yamepangwa nje ya ghala lililojaa. Na meli ikichelewa kushusha, gharama ya kuichelewesha inagawanywa kwa wapokeaji wote wa shehena ile, aliyelipa na asiyelipa.

Ili mzigo ufunguliwe inatakiwa hati ya dhamana ya malipo, ile ambayo wafanyabiashara wanaiita elsii. Benki ya hapa inaifungua, benki ya nje inaithibitisha. Nchi ikiwa na akiba nene ya fedha za kigeni, benki ya nje huthibitisha kwa kuwekewa sehemu ndogo ya thamani. Akiba ikiwa nyembamba, inataka asilimia 100 taslimu iwekwe kwanza. Hapo ndipo shingo inapobanwa.

Tufanye hesabu ya mfano, si takwimu ya matumizi ya taifa. Lori moja la lita 40,000, kwa senti 80 za dola kwa lita huko Dar es Salaam, ni dola 32,000. Nchi ikihitaji malori 12 kwa siku, ni dola 384,000 kila siku. Kama kila dola inakaa imefungwa siku 60 kabla lita yake haijauzwa, basi dola milioni 23 ziko kifungoni wakati wote, na hapo nauli na hasara za njiani hazijaingia. Nchi inayopata dola zake kwa kahawa, chai, dhahabu na misaada haiwezi kuacha milioni 23 zilale. Kwa hiyo zinatolewa kwa vipande: wiki hii elsii moja, baada ya wiki tatu nyingine. Pampu zinafuata mdundo huo huo. Vituo vinavyopata mafuta siku mbili na kukauka siku kumi mara nyingi havijaibiwa na mtu. Vinaonyesha tarehe ambazo BRB ilitoa dola.

Mlipohamishia kazi ya kuagiza kwenye Regideso, shirika la maji na umeme, na baadaye kwenye SOPEBU, mlikuwa na sababu: kupata bei nzuri kwa kununua kwa wingi, na kujua nani anapewa dola. Hatupingi sababu hizo. Tunachosema ni kwamba mwagizaji akiwa mmoja, elsii yake ikichelewa hakuna mwingine wa kuziba pengo. Waagizaji wanne wakichelewa, hawachelewi wote siku moja. Uganda nayo imeweka mwagizaji mmoja, kampuni yake ya taifa, tangu katikati ya 2024, lakini nyuma yake yupo muuzaji mkubwa wa kimataifa anayebeba mtaji. Mwagizaji mmoja asiye na mtaji wala mkopo wa muuzaji ni mlango mmoja uliofungwa.

Lakini hata dola zingepatikana, kuna bei. Hapa tunaomba mtusome kwa utulivu, kwa sababu tunajua neno bei linawasha moto.

Mei 2023 BRB ilishusha thamani ya faranga, dola ikapanda kutoka karibu 2,100 hadi karibu 2,800. Mtaani haikungoja. Mwanzoni mwa 2025 dola ilivuka faranga 7,000 mtaani, huku benki ikiitaja chini kidogo ya 3,000, na lita ya petroli kwenye pampu ikiwa karibu faranga 4,000. Chukueni lita iliyogharimu dola 1.10 mpaka Bujumbura, kabla ya kodi. Kwa dola ya benki ni faranga 3,300, inauzika. Kwa dola ya mtaani ni 7,700, na akiiuza kwa 4,000 mwagizaji anakula hasara ya karibu nusu. Ndiyo maana hakuna mtu mwenye dola zake anayeweza kuleta mafuta kihalali, hata kama lori lake limesimama bure uwanjani. Bei ya pampu inamkataza.

Igeuzeni hesabu hiyo upande wa pili. Faranga 4,000 kwa dola ya mtaani ni kama senti 57. Lita ile ile kwenye tangi la Dar es Salaam, kabla haijasafiri hata kilomita moja, ni senti 80. Anayefika kwenye pampu na kujaziwa lita 40 amepewa zawadi, na thamani ya zawadi hiyo inazidi mshahara wa siku nyingi wa mtu wa kawaida. Mlinzi, mpimaji, askari wa foleni, mwenye kadi, dereva wa gari la ofisi: kila mmoja anaziona faranga elfu kadhaa zikipita mbele yake katika kila lita. Mkiongeza askari mmeongeza watu wa kugawana. Bidoni, yaani dumu, la lita 20 likitoka kituoni kwa bei ya serikali na kuuzwa usiku uchochoroni kwa mara tatu au nne ya bei hiyo, tofauti hiyo ni ruzuku ya taifa inayoingia mfuko usio wake. Mwenye teksi ya Probox wa mtaa wa Kamenge, Bujumbura, halipi 4,000. Halipi bei hiyo siku nyingi. Analipa bei ya uchochoroni, na nauli yake inaonyesha hivyo.

Turudi barabarani kidogo, kwa sababu kuna hasara za kiufundi ambazo zinaweza kuzuiwa bila dola hata moja.

Lori linalozunguka Dar es Salaam, Bujumbura na kurudi kwa siku 14 ni lori linalofanya kazi vizuri. Kwa malori 12 kwa siku mnahitaji malori 168 kwenye mzunguko. Likisubiri siku 10 zaidi, iwe ni kupakia, mpakani au kushusha, mnahitaji 288 kuleta lita zile zile. Malori hayo ya ziada hayapo, na yaliyopo si watumwa: mwenye lori anayelipwa nauli kwa faranga baada ya miezi mitatu hupeleka gari lake Lubumbashi au Zambia, ambako analipwa kwa dola. Dereva anajua hili kuliko ofisi yoyote. Akishaondoka, kumrudisha kunadai nauli ya juu zaidi.

Kuna pia joto. Petroli inatanuka na kunywea kwa takribani sehemu moja ya elfu ya ujazo wake kwa kila nyuzi moja ya joto, na kidogo zaidi. Lita 40,000 zilizopakiwa Dar es Salaam zikiwa na nyuzi 32 na kupimwa alfajiri mkoani Gitega zikiwa na nyuzi 20, zinapungua zaidi ya lita 500 bila tone kumwagika. Dizeli inapungua karibu 400. Mpokeaji asiyefanya sahihisho la joto anaandika "wizi", mzigo unazuiwa, dereva anashikiliwa, lori linalala siku tano. Na dereva aliyeiba kweli lita 300 Singida anajificha nyuma ya hesabu hiyo hiyo. Dawa yake inajulikana: ujazo wote wa upakiaji na ushushaji uandikwe kwa nyuzi 20, kila chumba cha tangi kipimwe kwa fimbo na kipimajoto kabla ya kushusha, na mafuta yaachwe yatulie kabla ya kupima. Posho ya hasara ya njiani iwekwe kwa asilimia inayojulikana, na kinachozidi hapo dereva na mwenye lori walipe. Ni kazi ya dakika 40.

Vituoni, madhara ya uhaba yanaingia hadi ndani ya injini. Tangi la chini ya ardhi lina maji na tope sakafuni, siku zote, kwa sababu hewa yenye unyevu huingia kila mafuta yanapopungua. Bomba la kunyonya limewekwa sentimita kadhaa juu ya sakafu ili lisifikie uchafu huo. Kituo kinachokauka kila wiki hunyonya mpaka mwisho, kisha lori linamwaga lita 10,000 kwa kasi na kukoroga kila kitu, na foleni haitaki kungoja. Dizeli yenye maji inaingia kwenye basi, kichujio kinaziba, nozeli zinakufa. Kuna mabasi yaliyosimama leo ambayo yamepata mafuta. Wenye vituo tunawaambia hivi: pakeni dawa ya kugundua maji kwenye ncha ya fimbo kila kabla ya kupokea na kila baada ya kupokea, na msifungue pampu ya dizeli kabla ya saa moja kupita. Lakini mwenye kituo mwenye watu 300 mlangoni hatatusikiliza, na tunamwelewa.

Kibaya zaidi kiko majumbani. Petroli inawekwa kwenye bidoni za mafuta ya kula, chini ya kitanda, jikoni, kwenye duka la mbele. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hautapaa kupitia dirishani, unatambaa sakafuni mpaka kwenye imbabura, jiko lenye mkaa. Bidoni halihitaji kumwagika, kifuniko kulegea kunatosha. Watu hawaachi kuficha mafuta kwa kutishiwa faini. Wataacha siku watakayoamini kwamba kesho kituo kitakuwa na mafuta.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo linalopaswa kuwakosesha usingizi: uhaba wa mafuta unakula dola ambazo zingenunua mafuta.

Kahawa inaiva kuanzia Machi. Buni mbivu iliyochumwa inatakiwa kumenywa ganda siku hiyo hiyo, ndani ya saa nane hadi kumi na mbili hivi. Ikipita hapo inaanza kuchacha ndani ya ganda lake, na ladha hiyo haitoki tena, si kwa kuosha, si kwa kukausha. Kituo cha kuoshea kinachopokea tani 10 za buni kwa jioni moja hupata karibu tani moja na nusu ya kahawa safi. Mashine ya kumenyea yenye injini ya nguvu farasi 10 hunywa takribani lita 2 za dizeli kwa saa. Tuseme saa tano, pamoja na pampu ya maji: lita 20. Lori la kukusanya buni milimani, lita 50. Jumla lita 70, ambazo kwa dola 1.10 ni dola 77. Kahawa hiyo ikikosa daraja na kuuzwa dola moja pungufu kwa kilo, taifa limepoteza dola 1,500 jioni moja, kituo kimoja, kwa kukosa dizeli ya dola 77. Zidisheni kwa vituo na kwa jioni za msimu.

Chai ni vivyo hivyo. Majani mabichi hayalali: yakikaa yamerundikwa kwenye magunia yanapata joto na kuwa mekundu kabla hayajafika kwenye viwanda vya Teza au Rwegura. Mbolea nayo, iliyolipiwa na mkulima mapema, ikifika mlimani wiki tatu baada ya mvua za Septemba, mahindi hayarudi nyuma kuingoja. Wavuvi wa Rumonge na Bujumbura wanaokosa petroli ya injini wanabaki ufukweni, na bei ya ndagala (dagaa) sokoni inapanda siku hiyo hiyo. Hatutaorodhesha yote, magari ya wagonjwa mnayajua.

Tunachowaomba.

Gavana, tengeni sehemu maalumu ya dola za kahawa, chai na dhahabu kwenye akaunti ya mafuta pekee, na mtangaze kalenda ya kufungua elsii kwa miezi sita mbele. Mwagizaji na msambazaji wakijua kwamba tarehe 5 ya kila mwezi kuna kiasi fulani, hata kikiwa kidogo, watapanga meli na malori kwa kukifuata. Kiasi kidogo kinachokuja kwa tarehe ni bora kuliko kikubwa kisichojulikana.

Badala ya kununua mzigo na kuufunga siku 60, SOPEBU ijadiliane na wasambazaji waweke mafuta yao wenyewe kwenye ghala la forodha Dar es Salaam, yakibaki mali yao, na Burundi ilipie lori kwa lori linapotoka. Msambazaji atadai nyongeza kwa huduma hiyo. Lipeni. Nyongeza ya senti mbili au tatu kwa lita ni nafuu kuliko kulaza mamilioni, na dola hiyo hiyo itazunguka mara nne badala ya moja.

Waziri, fungueni dirisha la pili. Waagizaji wenye leseni na wenye dola zao waruhusiwe kuleta na kuuza kwa bei yao, kwenye vituo vilivyoandikwa hivyo wazi, wakilipa kodi kamili. Bei itakuwa juu, lakini itakuwa chini ya ya uchochoroni, na mafuta yatapimwa na kukaguliwa. Mafuta ya bei ya serikali yasipitie tena foleni ya wote. Yapelekwe moja kwa moja kwa lori na hati ya kupokea: hospitali, pampu za maji za Regideso, mabasi ya abiria yaliyosajiliwa kwenye vituo vyao vya kuanzia, vituo vya kahawa na viwanda vya chai katika msimu wao, na vyama vya wavuvi. Kila mpokeaji ajulikane kwa lita zake, na orodha ibandikwe hadharani.

Kila Jumatatu tangazeni namba tano: lita zilizoagizwa, lita zilizolipiwa, lita zilizofungiwa Dar es Salaam, lita zilizoko njiani, na lita zilizoko matangini bila kuhesabu zile za chini ya bomba la kunyonya. Mnahofia kwamba namba ndogo zitaleta taharuki. Ukimya ndio unaoleta magari kwenye foleni usiku, kwa sababu dereva asiyejua anajaza tangi kila anapopata nafasi, hata kama ana nusu.

Njia ya Kigoma ifufuliwe kama akiba, si kama mbadala. Reli ya zamani inafika Kigoma, na kutoka hapo hadi Bujumbura ni karibu kilomita 175 za ziwa. Haitabeba mzigo wote, na bandari za Tanganyika zimesumbuliwa na maji kupanda miaka ya karibuni, lakini hata sehemu ya kumi ya mahitaji ikipita huko, Kobero ikikwama nchi haikauki siku moja. Reli mpya ya Uvinza hadi Musongati itakuja kwa wakati wake. Msiipangie mafuta ya mwaka huu.

La mwisho ni la tarehe. Dizeli itakayomenya kahawa ya katikati ya Machi inatakiwa iwe njiani mwishoni mwa Februari, imeshushwa bandarini katikati ya Februari, na imewekwa kwenye oda kabla ya mwisho wa Desemba. Elsii yake ifunguliwe wiki ya kwanza ya Januari. Ikifunguliwa Februari, itafika wakati buni za mwanzo zimeshachacha.

Wenu,
Wafanyakazi wa uagizaji, usafirishaji na upokeaji wa mafuta, Bujumbura.